Kwa nini uzi wa watu wanaobishana uko juu ya tovuti yako huko Google

Sisi tunaotengeneza tovuti hili swali tumeulizwa sana, sasa tumeona tulijibu kwa maandishi mara moja tu. Mtu kalipia tovuti, picha safi, kurasa zinafunguka fasta, halafu anaingia Google kutafuta tatizo lile lile analolitatua kila siku kazini kwake, anakuta juu kabisa kuna uzi (yaani mjadala) wa miaka minne iliyopita kutoka Reddit au Quora, majukwaa ya mtandaoni ambako watu wanauliza na kujibizana, mtu kaandika kwa hasira bila hata nukta na chini yake watu kumi wanabishana. Yeye yuko ukurasa wa pili. Anatupigia, "nyie mlinifanyia nini?"

Hatujakufanyia kitu bana. Watu walishachoka na makala zinazofanana, wakawa wanaandika swali lao halafu wanamalizia na neno reddit ili wapate jibu la mtu aliyewahi kupitia. Google nao wakasoma mchezo: Septemba 2022 wakatangaza sehemu ya mijadala na majukwaa kwenye matokeo, Desemba wakaongeza uzoefu, yaani kama mwandishi kapitia mwenyewe, kwenye mwongozo wa watu wanaowakagulia ubora wa matokeo, na 2023 wakasema wameboresha mfumo ili majibu mazuri yaliyojificha ndani ndani kwenye majukwaa yaonekane. Februari 2024 wakaingia mkataba na Reddit wa kutumia data zake. Wapo wanaosema mkataba huo ndo uliipandisha Reddit, hatubishani nao hapa.

Ila ukiacha hayo yote, kinachokuumiza zaidi ni lugha. Tovuti yako imeandikwa "tunatoa huduma bora za urejeshaji wa data", haya, nani anatafuta hivyo? Mtu simu imedumbukia kwenye maji anaandika "simu imeingia maji haiwaki picha zangu nitazipata", na kule kwenye jukwaa hicho ndo kichwa cha uzi, neno kwa neno karibu. Afu anakuja mmoja anasema weka kwenye mchele, mwingine anamwambia acha uongo mchele hausaidii kitu, wa tatu anauliza ulijaribu kuchaji? yaani kila komenti inaleta maneno mapya ambayo watu wengine nao wanayatafuta. Na baada ya siku mbili mwenye uzi anarudi kusema imekubali au imekufa. Hiyo komenti ya mwisho ni dhahabu, na kwenye tovuti za biashara karibu huwezi kuikuta.

Sasa kuna wateja wakisikia hivi wanataka nao tuwawekee jukwaa kwenye tovuti. Mara nyingi tunakataa, na tunakosa hela kwa kukataa. Jukwaa bila watu ni rundo la kurasa tupu, swali moja jibu hakuna, na wengi wa waliojisajili ni roboti wanaotupia linki za kamari, na Google wanaangalia tovuti nzima sio ule ukurasa mzuri peke yake. Kama tayari unalo na lina watu kweli, hapo kuna kazi ya kufanya: nyuzi ambazo hazijajibiwa tunazizuia zisiingie kwenye matokeo, linki za memba zinawekwa alama ya ugc, yaani inayoiambia Google hii imewekwa na mtumiaji sio na sisi (ipo tangu 2019), na tunaongeza ile data ya DiscussionForumPosting inayoiambia Google nani kaanzisha uzi, lini, na yapi ni majibu.

Kingine, acheni kutupia linki kwenye majukwaa ya watu. Mods, yaani wasimamizi wa jukwaa, wanafuta, na hata isipofutwa kwa kawaida ina ugc au nofollow (alama ya kuiambia Google isiihesabu linki kama pendekezo) kwa hiyo usitegemee ikupandishe. Ukitaka kujibu, jibu kabisa mpaka mtu aelewe, na useme wazi kwamba hiyo ndo biashara yako.

Sisi tunachofanya ni kuandika ukurasa upya kuanzia kwenye swali la mteja kama alivyolisema mwenyewe, nini kilijaribiwa kikagoma, nini kilikubali, picha za kazi yenyewe sio za kudownload. Kwa hiyo ukija, njoo na meseji ishirini hivi za mwanzo za wateja wako, zile za "samahani naomba kuuliza", futa majina na namba zao kwanza, zisahihishwe? hapana, ziache na makosa yake hivyo hivyo.