Kesi ya Spika

Memphis, Tennessee
11 Novemba 2018

Sahibu yangu,

Salaam nyingi zikufikie hapo Tanga pamoja na wote wa nyumbani. Mimi sijambo, ila goti tu linanikumbusha umri, na baridi ya huku imeanza kung'ata. Binti yangu kanivisha makoti mawili hadi nafanana na robota la mkonge. Nisalimie sana shemeji, mwambie kahawa yake naiota. Ya huku ni maji ya kusuuzia sufuria.

Ama baada ya salamu, nina kesi na wewe, tena ya zamani. Unaikumbuka ile amplifaya ya mpiga gitaa wa bendi ya mtaani, mwaka 1974, iliyoletwa dukani kwetu Ngamiani siku ya Ijumaa na harusi ni kesho yake? Koni ya spika ilikuwa imechanika kama kanga ya jikoni. Spea hakuna, Dar es Salaam mbali, na wewe umekwenda msikitini. Nikachukua karatasi ya mfuko wa sukari, nikaikunja, nikaishindilia nyuma ya koni, nikapaka gundi, nikamkabidhi mwenyewe. Usiku wa harusi gitaa lilinguruma kama nyuki ndani ya debe. Jumatatu ukanifokea mbele ya wateja: fundi gani anatoa kitu kinakoroma? Wiki nzima hukunikaribisha hata kashata. Nami nilinyamaza, maana niliona una haki.

Sasa nakwambia hukuwa na haki. Nimepata shahidi baada ya miaka 44, na shahidi mwenyewe ni nyumba.

Mkwe wangu alinipeleka namba 706, Union Avenue. Ni kijumba cha matofali, kidogo kuliko tulivyokuwa tukikiwaza, nje wametundika gitaa kubwa la kuvutia macho. Hapo ndipo Sam Phillips alipofungua studio yake Januari 1950. Sun, lebo yake mwenyewe ya kutolea santuri, ilikuja baadaye, 1952. Mwanzoni alikuwa anarekodi chochote kinacholipa, harusi na mazishi vimo.

Machi 1951 wakaja vijana kutoka Clarksdale, Mississippi, wakiongozwa na Ike Turner, wamebanana garini na vyombo vyao. Njiani amplifaya ya mpiga gitaa wao, Willie Kizart, ikaumia. Wako wanaosema ilianguka kutoka juu ya gari, wako wanaosema ilinyeshewa. Ilipowashwa ikakoroma. Spea hakuna. Sahibu, unajua walifanya nini? Walishindilia karatasi.

Kijana anayetembeza wageni alipofika hapo nilicheka peke yangu, watu wakageuka kunitazama. Nikamwambia mkwe wangu, "Mwambie huyu, mimi pia." Hakumwambia, aliona haya.

Na sikiliza vizuri hapa. Phillips hakuuficha ule mkoromo nyuma ya saksafoni. Aliusogeza mbele, akauacha ubebe wimbo mzima. Wimbo wenyewe ni "Rocket 88", wa kusifia gari la Oldsmobile, aliyeimba ni Jackie Brenston, kampuni ya Chess ya Chicago ikautoa, na mwezi Juni ukawa juu kabisa katika orodha ya muziki wa Wamarekani Weusi. Hadi leo wengi wanaihesabu hiyo kuwa santuri ya kwanza ya rock and roll. Wengine wanakataa. Watu wa New Orleans watakwambia ni mpiga piano wao Fats Domino, 1949, na waliolelewa kanisani wana jina lao jingine. Ni kama ubishi wa Lamu na Unguja juu ya taarabu: hakuna atakayeshinda, na hakuna anayetaka uishe.

Kuna jambo jingine nililiweka makusudi kwa ajili yako, mtu wa vipimo. Unakumbuka tulivyokuwa tukisikiliza zile za mwanzo za Elvis, ukasema lazima walirekodia ndani ya ghala, kwa jinsi sauti inavyorudi? Chumba hakizidi ukumbi wako kwa kiasi cha maana. Mwangwi ule ni wa tepu. Phillips alikuwa na mashine mbili. Sauti inaingia ya kwanza, na wakati huo huo inapelekwa ya pili, ambako kichwa cha kurekodia na kichwa cha kusomea vimeachana kidogo tu. Tepu inachukua kitambo kama cha kupepesa jicho kutoka kichwa hiki hadi kile. Irudishe sauti hiyo iliyochelewa, ichanganye na ile ya kwanza, na mwimbaji anajiitikia mwenyewe. Basi! Hakuna ghala wala mtambo wa ajabu. Tungeweza kuufanya sisi na zile mashine mbili za yule Mhindi jirani, kama ungekubali zitumike "vibaya".

Huyo Elvis wenu mwenyewe aliingia hapo 1953 kabla hajawa dereva wa lori, kijana wa miaka 18, akalipa karibu dola nne ajirekodie nyimbo mbili. Mwaka uliofuata, 5 Julai, Phillips alimwita ajaribiwe pamoja na Scotty Moore wa gitaa na Bill Black wa besi ile kubwa ya kusimama. Wakahangaika na nyimbo za polepole, hamna kitu. Wakati wa kupumzika kijana akaanza kurukaruka na wimbo wa zamani wa Arthur Crudup, "That's All Right", wenzake wakaingia kwa mzaha. Phillips akatoa kichwa kuuliza wanafanya nini, kisha akawaambia warudie. Ngoma hazimo humo kabisa. Ule mdundo ni Black anachapa nyuzi zigonge mti wa besi. Mwishoni mwa 1955 mkataba wa kijana uliuzwa kwa RCA, kampuni kubwa ya santuri, kwa dola 35,000. Crudup, mwenye wimbo, alidai haki yake miaka na miaka, akafa 1974 bila kulipwa alichostahili. Mwaka ule ule wa spika yetu. Nilipogundua hilo nilikaa kwenye benchi nje kidogo.

Nilitaka kuwafuata waliotangulia, ndiyo maana sikutaka kuishia Memphis. Nilimwomba mkwe wangu tushuke New Orleans, zaidi ya kilomita 600, naye ni mtu mwema, akaomba ruhusa kazini. Nilitaka kuona pale kona ya Rampart na Dumaine, ilipokuwa studio ya Cosimo Matassa, nyuma ya duka la santuri na vifaa vya umeme. Duka kama letu, fikiria!

Leo ni mahali pa kufulia nguo.

Usinune. Mlangoni jina la duka la zamani bado limo kwenye sakafu, na ndani kuna picha za wanamuziki. Lakini mama mmoja alikuwa anakunja mashuka ya watoto, na mashine zinazunguka safu nzima. Nikavua shati la juu, nikatia sarafu, nikafua. Mkwe wangu akaona haya mara ya pili. Mimi nilitaka tu sababu ya kukaa humo nusu saa, kwa sababu humo ndimo Fats Domino aliporekodi "The Fat Man", 10 Desemba 1949. Matassa alikuwa anachonga sauti moja kwa moja kwenye sahani ya santuri. Hakuna kufuta. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Akitaka saksafoni ipungue, anamwambia mpigaji arudi hatua mbili nyuma ya maikrofoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kuchanganya sauti.

Fats nampenda kuliko wote, unajua. Kile kidole cha kulia kinachogonga tatu tatu juu ya piano, na sauti ya mtu aliyeshiba anayekukaribisha ndani. Alipopata fedha hakuhama. Alijenga nyumba mtaa ule ule wa watu wa hali ya chini alikokulia, Lower Ninth Ward. Kimbunga Katrina kilipokuja Agosti 2005 alikataa kuondoka kwa sababu mkewe Rosemary alikuwa mgonjwa. Maji yakaingia, siku zikapita bila habari, mtu akaandika kwa rangi ukutani mwa nyumba yake maneno ya kumuaga marehemu. Kumbe waokoaji walikwishamtoa, yuko hai. Akaishi miaka 12 zaidi, akafariki mwaka jana mwezi Oktoba, ana miaka 89. Piano yake nyeupe iliyoharibiwa na mafuriko iko makumbusho huko huko New Orleans, imetengenezwa. Niliitazama kifundi. Wamefanya kazi safi, hata wewe ungepitisha.

Sasa njoo kwenye aibu yako. Ni humo humo nilimofulia shati langu ndimo mwimbaji Little Richard aliporekodi "Tutti Frutti", 14 Septemba 1955. Asubuhi nzima alikuwa ameimba kwa adabu, prodyuza wake Bumps Blackwell akakata tamaa, wakaenda kula kwenye klabu ya Dew Drop Inn. Pale Richard akaona piano na watu, akaipiga kwa fujo akiimba wimbo wake wa vilabuni wenye maneno ya matusi. Blackwell akaruka. Akamwita binti mtunzi, Dorothy LaBostrie, asafishe maneno haraka, na muda wa studio ukiwa karibu kwisha wakaurekodi, Earl Palmer akiwa kwenye dramu. Umeona? Elvis wakati wa mapumziko, Richard wakati wa chakula. Nawe ulikuwa ukinikatia posho nikichelewa kurudi kutoka chai ya saa nne.

Aibu yenyewe ni hii: wimbo ule ule ukaimbwa upya na Pat Boone, na ndio ulipanda juu zaidi ya wa Richard katika orodha ya jumla, kwa kuwa vituo vingi viliona heri sauti ya kijana mweupe aliyechana nywele vizuri. Nawe, bwana, santuri uliyomnunulia baharia yule wa bandarini ilikuwa ya nani? Ya Pat Boone! Ukaisifu haina hata chembe ya kelele. Kweli haina, kama shuka la hospitali. Nimekusamehe, lakini shemeji ajue.

Ninapokuandikia haya Richard bado yuko hai, humu humu Tennessee. Jerry Lee Lewis, yule mpiga piano wa Sun, naye yupo, kuvuka mpaka tu kuingia Mississippi. Chuck Berry wa gitaa ametutoka mwaka jana, ana miaka 90. Yule ndiye aliyejifunza somo la Crudup mapema. Alikuwa anasafiri na gitaa lake tu, bendi anaikuta huko huko, na hapandi jukwaani kabla hajashika fedha mkononi. Watu walimwita bahili. Mimi nimesoma kwamba santuri yake ya kwanza, "Maybellene" ya 1955, ilitoka na majina ya watu wengine kama watunzi, mmoja wao mtangazaji wa redio, ili ipigwe. Ungekuwa wewe ungedai fedha mbele pia.

Na lile jina la wa kanisani nililokuahidi ni Sister Rosetta Tharpe, wa Cotton Plant, Arkansas. Mkwe wangu alinionyesha kwenye simu picha za 1964, kule Manchester, Uingereza. Stesheni ya treni iliyoachwa, watazamaji upande mmoja wa reli, yeye upande wa pili, mvua imetoka kunyesha. Mama wa makamo katika koti zuri, anavaa gitaa la umeme, anaanza na wimbo wa gharika ya Nuhu, kisha vidole vinapita kwenye nyuzi kama mtu anayepekecha mahindi. Hayo aliyokuwa akiyafanya tangu kabla ya hao vijana wote. Alifariki 1973, kaburi likakaa miaka mingi bila jiwe la jina. Aprili mwaka huu ndipo walipomwingiza katika jumba la heshima la rock and roll huko Cleveland. Miaka 45! Mimi nalalamika 44 kwa spika.

Nisikuchoshe. Nilitaka kukuandikia pia jinsi twist ya Daudi Kabaka ilivyonijia kichwani pale pale Memphis, nikawa naimba "Helule Helule" barabarani, na habari za yule mtoto wa Unguja aliyekuja kuitwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, ambaye bendi yake ya shule huko India ilikuwa ikipiga nyimbo za Little Richard. Hayo tutayamaliza barazani.

Nakuja Januari, inshallah. Nimenunua sindano tatu na mkanda wa ile mashine ya santuri iliyo stoo kwako, na nimepata "Rocket 88", saba inchi, zile za Kimarekani zenye tundu kubwa. Kwa hiyo nikatie kile kipete cha katikati kutoka kwenye ndala iliyoisha, kama ulivyokuwa ukifanya zamani. Kata cha kandambili ya bluu, zile nyekundu zilikuwa zinalegea.

Tutaipiga asubuhi, kabla hujaanza kazi. Gitaa likianza kukoroma, usiinuke kwenda kuangalia waya.

Wasalaam,
Mwenzako wa Ngamiani