Moyo unakionaje kile chuma?

Mpendwa Rehema,

Nifikishie shikamoo yangu kwa mama. Nimefurahi mno kusikia kwamba tangu awekewe betri ya moyo, kile kifaa kinachoufanya moyo udunde kwa umeme unaopita katika waya, anapanda ngazi bila kuhema. Umeniuliza moyo unakionaje kile chuma, nami swali hilo ndilo kazi yangu ya kila siku.

Seli za moyo hazikutani na chuma chenyewe, mwenzangu. Waya wa betri ukiingia tu moyoni, ndani ya sekunde chache protini za damu huwa zimeshaugandia. Seli ikifika inakuta utando wa protini, na humo ndimo inamotafuta pa kujishikiza. Mwaka 1984 wanasayansi Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kuwa katika fibronektini, protini kubwa sana, seli hushika kipande kidogo mno: asidi amino tatu (vijenzi vya protini), yaani arginini, glisini na asidi aspatiki, zikifuatana. Mpaka leo jambo hili hunistaajabisha.

Basi kazi ya kemia ni kuubadili uso wa metali ili kipande hicho kibaki wazi. Uso unaofukuza maji mara nyingi huziharibu protini umbo, kipande kikafichika. Seli za moyo wa panya mchanga zikiwekwa juu ya fibronektini iliyokaa vizuri hutanda, hugusana, kisha zinaanza kudunda pamoja. Laiti ungeziona kwa hadubini!

Tatizo ni kwamba seli zinazojenga kovu nazo hukipenda kipande hichohicho. Hizo huzaliana haraka, ilhali seli za msuli wa moyo wa mtu mzima ni nadra sana kugawanyika. Kovu likizidi kuizunguka ncha ya waya, umeme wa betri unapata taabu kuufikia msuli. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 nyaya nyingi hutiwa deksamethasoni kwenye ncha, dawa inayotoka kidogokidogo na kutuliza uvimbe. Bila shaka ndiyo ile dawa uliyoniandikia kuwa daktari aliwatajia. Imesaidia watu wengi, lakini mimi natamani uso ambao seli za msuli zitaupenda kuliko zile za kovu, na huko bado hatujafika.

Mama akirudi kliniki, ulizeni ni volti ngapi za chini kabisa zinazotosha kuufanya moyo udunde, mlinganishe na za siku aliyowekewa. Zikiwa zimepanda, huenda ni kovu. Niandikie majibu.

Akupendaye,
Salma