Fundi, mpaka nimeuvuka nikiserereka

Geneva,
Jumatano, 2 Julai

Fundi wangu,

Kwema huko? Mama goti lake linaendeleaje? Nisalimie sana, umwambie ile dawa ya kuchua niliyomwahidi sijaisahau. Mimi ni mzima, isipokuwa kiwiko kimechubuka na kiganja hakikunjiki vizuri, ndiyo maana mwandiko umekwenda upogo. Usicheke kwanza. Utacheka ukifika kwenye breki.

Nimekwenda, bwana. Ile safari ya baiskeli ya milimani tuliyoipanga mwaka juzi, ukaazima shati jeupe la shemeji kupigia picha za pasipoti, ukakaa na barua yangu ya mwaliko miezi miwili, halafu dirishani wakakurudishia pasipoti pamoja na karatasi ya mistari minne ya kukunyima viza. Nilijiapiza kwamba bila wewe siendi. Kiapo nimekivunja. Kuna mama mmoja wa Kireno ninayefanya naye kazi jikoni. Kijana wake aliniandikisha bila kuniuliza, akaniletea utepe wa kuvaa mkononi na kibao cha namba cha kufunga kwenye usukani, akasema Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nakupitia. Ningekataaje?

Tamasha lenyewe linaitwa Pass'Portes du Soleil. Portes du Soleil, yaani Milango ya Jua, ni jina la eneo zima la milima lenye vijiji kumi na viwili vya watalii wa theluji, vingine viko Ufaransa na vingine Uswisi. Sasa ukilitamka na hicho kipande cha mbele, unasikia "pasipoti". Waliolitunga walikuwa wanatania tu. Kijana aliponieleza tukiwa garini, niligeukia dirishani nikatazama ng'ombe.

Siyo mashindano. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho. Ni mzunguko wa kama kilomita 80 unaopita kijiji hadi kijiji, na kila ukifika chini ya mlima, mashine inakupandisha. Ni viti na vibanda vilevile vinavyoning'inia kwenye waya, ambavyo wakati wa baridi hubeba watu wa kuteleza kwenye theluji. Theluji ikiisha wanavifunga ndoano, baiskeli inaning'inia nje kama mbuzi buchani, wewe umekaa kwenye kiti unakula chokoleti. Ukifika kileleni unashuka, unateremka, unapandishwa tena.

Niliwaza sana habari hiyo. Sisi kwetu Kibosho mlima tuliupanda kwa miguu, baiskeli tukiisukuma. Kuteremka kulikuwa na sababu: mikungu ya ndizi nyuma, soko la asubuhi mbele, na soli ya kandambili ndiyo breki. Hapa watu wanalipa ili wateremke bila mzigo wowote. Nilitaka kuwacheka. Lakini nilipoanza kuteremka nilikumbuka zile siku tulizouza ndizi zote tukapanda tena hadi juu kanisani kwa ajili ya kuteremka tu, jua likizama. Sababu yetu ilikuwa ipi?

Haya, baiskeli. Najua ndiyo unayoingojea. Niliikodi Les Gets, kijiji tulikoanzia, na bei yake dukani ingenunua bodaboda tatu mpya na chenji ikabaki. Mbele sahani moja tu ya meno. Nyuma giya kumi na mbili, ile kubwa kabisa ni kama chapati. Shokomzoba mbele, nyingine katikati ya fremu, na zote hazina springi ndani, ni upepo. Kijana wa dukani aliniuliza kilo zangu, akapampu kwa pampu ndogo yenye saa kufuatana na uzito. Kiti kina kitufe pale kwenye usukani: ukibonyeza na kukikalia kinazama, ukibonyeza tena bila kukalia kinaibuka chenyewe. Wakati wa kuteremka unakizamisha, unasimama juu ya pedeli, makalio unayapeleka nyuma. Breki ni za diski na zinasukumwa na mafuta, kidole kimoja kinatosha.

Hicho kidole kimoja ndicho kilichoniponza.

Unaikumbuka Raleigh ya babu? Breki ya mbele ilikuwa mkono wa kulia, ya nyuma mkono wa kushoto, kama Waingereza walivyoziunda. Mikono yangu ilijifunza hapo. Huku ni kinyume: kushoto ndiyo mbele. Hapa mjini sijawahi kupata tabu kwa sababu barabara ni tambarare na unashika zote mbili polepole. Lakini ile teremko ya kwanza, kutoka juu ya Les Gets kwenda Morzine, kuna kona yenye mizizi. Nikaona nimekwenda kasi, akili ikasema shika ya nyuma, mkono wa kushoto ukatii. Gurudumu la mbele likasimama. Mimi sikusimama.

Nilipaa juu ya usukani mzima mzima kama gunia linalorushwa kutoka kwenye lori. Kiwiko ndicho kilichonipokea. Nyuma yangu alikuja mama wa miaka kama sabini kwenye baiskeli ya betri, akasimama, akanitazama jicho moja moja kama daktari, akanipa pipi, akaondoka. Bibi wa watu! Baadaye nilimwona akinipita tena kwenye mlima mdogo wa kupanda kwa pedeli, anapiga mluzi.

Pale nilipoanguka ndipo mawingu yalipofunguka nikauona Mont Blanc. Ni mweupe kote na ni mpana, haufanani na Kibo uliokaa peke yake. Huu umezungukwa na ndugu zake wengi. Kijana akaniambia kwa majivuno kwamba una zaidi ya mita 4,800. Nikamwambia wetu una 5,895 na mpishi wa shangazi yangu ameupanda akiwa amebeba gesi na mayai kichwani. Akanyamaza kidogo.

Kutoka Morzine tulipandishwa hadi Avoriaz, mji uliojengwa kwenye ukingo wa jabali, magari hayaingii kabisa. Nyumba zake zimeezekwa kwa mbao na zimeinama kama zinasikiliza kitu bondeni. Chini yake kuna kijiji cha Les Lindarets ambako mbuzi ndio wenye mamlaka: wanatembea mezani, wanalamba baiskeli. Mmoja alitafuna kamba ya kofia yangu ngumu na hakuna aliyemfukuza. Bibi yako angeshika fimbo.

Nikupe siri ya kuteremka, maana nimeilipia kwa ngozi. Mimi nilikuwa nabana breki muda wote, kidogo kidogo, kama mtu aliyeshika mkono wa mtoto sokoni. Nusu saa tu vidole vikafa ganzi na mikono kuanzia kiwikoni ikakakamaa kama mti. Halafu nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, kumbe ni breki zangu. Kijana akanisimamisha. Akasema shika kwa nguvu kabla ya kona, kwa muda mfupi, kisha achia kabisa, uipe diski nafasi ya kupoa na tairi nafasi ya kushika ardhi. Ukibana ndani ya kona, tairi inateleza. Na macho usiyaweke kwenye jiwe unaloliogopa, yaweke unakotaka kutokea. Wewe uliwahi kuniambia neno hilohilo la macho pale daraja la mbao, nikiwa na miaka kumi na tatu, nikakuona mjuaji. Samahani.

Baada ya Châtel nikapata pancha, na hapa ndipo nilipokukumbuka mpaka nikaongea peke yangu. Tairi hizi hazina tyubu. Ndani wanamwaga maji mazito meupe kama utomvu wa mpapai, yanazunguka humo humo. Tundu dogo likitokea, yanatoka yakigandia palepale yanaliziba. Langu lilikuwa kubwa, jiwe lilikuwa limechana. Maji meupe yakawa yanatapika kila mzunguko. Nikajua safari imeisha. Kijana akatoa kichomeo kidogo chenye jicho mbele, akavisha kamba nene yenye gundi, akachomeka tunduni, akavuta. Basi! Ni kama vile wanavyoziba tairi za magari pale stendi, ila kwa udogo. Dakika mbili, pampu, twende. Nikamwambia rafiki yangu aliyeko Moshi angeziba hiyo akiwa anaongea na simu. Akacheka akidhani natania.

Sasa nisikilize vizuri. Juu ya Châtel unapandishwa mpaka kwenye malisho, na njia inapinda kati ya ng'ombe wekundu wenye kichwa cheupe na duara za rangi machoni, kana kwamba wamevaa miwani. Kengele zao zinalia bonde zima. Mimi nilikuwa nimefunga kibali changu cha ukaazi kwenye mfuko wa plastiki, nimekitia ndani ya soksi, kwa sababu mtu mweusi huwa hatembei mikono mitupu. Kila tulipoona kibanda nilikuwa najiandaa kuvua kiatu. Kisha tukateremka kipande kizuri sana, laini, kona pana, nikaachia breki kama nilivyofundishwa, upepo ukaniingia mdomoni, na chini pale nikamkuta mtu anagawa nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, imekatwa nyembamba kama karatasi. Nikamuuliza kijana Uswisi tutaingia saa ngapi. Akasema umeingia dakika kumi zilizopita, uliuona ule ubao?

Sikuuona ubao, Fundi. Nilikuwa natazama kona.

Nilikaa kwenye majani na ile nyama mkononi. Watu maelfu, baiskeli zao zimelala, mzee mmoja anapiga kodiani, watoto wanatafuta kivuli. Wote tumeingia nchi nyingine tukiserereka, na hakuna aliyetuuliza jina. Nikawaza karatasi yako ya mistari minne. Ule mstari wa tatu, ule usemao hawajaridhika kwamba utarudi nyumbani. Wewe! Wewe usiyeweza kulala Arusha siku mbili kwa sababu ya kuku zako. Kijana akaniuliza kama kiwiko kinauma, nikamwambia ndiyo.

Kipande cha Uswisi ndicho kilichonipendeza zaidi kwa macho. Milima ya Dents du Midi, dents maana yake meno, imesimama mbele yako njia nzima, na kweli ni meno, tena ya mtu aliyeng'oka mawili matatu. Tulipita Morgins, tukapita Les Crosets, tukashuka Champéry. Hapo kuna njia ya mashindano ambayo hata kuiteremka kwa miguu ningetaka kamba. Mwaka 2011 yalifanyika mashindano ya dunia hapo, mvua inanyesha, tope tupu, na Mwingereza Danny Hart akawaacha wenzake kwa zaidi ya sekunde kumi na moja, katika mchezo ambao watu hupishana kwa nukta za sekunde. Nimesimama pembeni ya njia hiyo ikiwa kavu, nikatazama chini, nikarudi nyuma hatua mbili. Hata Les Gets tulikoanzia walifanya ya dunia, mwaka 2022. Mimi nilichofanya pale umeshakisoma hapo juu.

Kurudi Ufaransa unavukia juu kabisa, Pointe des Mossettes, mita 2,277. Kulikuwa bado na mabaka ya theluji chafu kwenye vivuli, mwisho wa Juni. Mnyama mmoja mnene kama pimbi akatoka kwenye mawe, akapiga kelele kali kama filimbi ya refa, akazama. Safari hii ubao niliutafuta mpaka nikauona. Nikasimama. Nikaiweka tairi ya mbele Ufaransa na ya nyuma Uswisi, kijana akanipiga picha; nitaitoa uione ukubwa wa ile giya ya chapati. Kibali hakikutoka kwenye soksi siku nzima. Jioni nilipokitoa kilikuwa kimelowa jasho, lakini kinasomeka.

Chakula ukitaka habari zake: kila kituo jibini. Jibini baridi, jibini la kuyeyushwa na kukwanguliwa juu ya viazi, jibini ndani ya mkate. Mpaka saa tisa mchana nilikuwa natamani mtori.

Kuna mtu wa Rombo anayeshuka Dar mwezi wa nane, amekubali kunibebea kilo tatu. Nimekuwekea vichomeo viwili na kamba za kuzibia pakiti nne, pedi za breki za diski kwa ile baiskeli ya mzungu iliyokaa kwako tangu Krismasi, na chupa moja ya yale maji meupe. Chupa uitikise sana kabla ya kumwaga. Dawa ya mama nitaiweka humo humo. Na kibao changu cha namba nimekuwekea pia, ukipigilie pale juu ya benchi la spana, ila wateja wakikuuliza usiwaambie nilianguka.

Makaratasi ya mwakani yanaanza kupokelewa mapema. Ninaweza kuandika mwaliko upya mwezi wa kumi, na safari hii nitaweka na barua ya mwajiri wangu. Lakini shati la kuazima, dirisha, kungoja, vyote hivyo unavibeba wewe, siyo mimi. Kwa hiyo sitaandika mpaka uniambie niandike.

Mwenzio wa Raleigh