Mkutano wa Jumamosi: garanti na deni la umeme

Wapendwa baba, mama na wandugu wenye nyumba za kupangisha, salamu kwenu na kwa jamaa zenu.

Mkutano wetu utafanyika Jumamosi hii, saa 15:30, nyumbani kwetu Kampemba, wala si Katuba kama tulivyopanga mwanzoni. Mchango ni franga 5.000 kwa kila mtu, na mama mweka hazina ataupokea mpaka Ijumaa.

1. Garanti, yaani pesa anazoweka mpangaji kabla ya kuingia nyumbani. Baadhi yetu wanaomba kodi ya miezi sita, wakisema kwamba mpangaji mbaya huacha uharibifu unaozidi kodi ya miezi mitatu. Lakini sheria ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi, nami naomba kwa moyo wote tuifuate, kwa kuwa hata watoto wetu ni wapangaji kwa watu wengine.

2. Deni la SNEL (shirika la umeme) linaloachwa na mpangaji anayehama: nani alipe?

Kila mmoja alete nakala ya mkataba anaoutumia. Tafadhali andikeni hapa "Nitafika" au "Sitafika" kabla ya Alhamisi jioni, ili tuandae viti.