YAH: MALALAMIKO KUHUSU TAA SITA ZA KAMBI ZILIZOUZWA KUWA ZINAFUKUZA MBU

Sakina, Arusha
24 Juni

Ndugu Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpishi wa safari, kazi ninayoifanya mwaka wa 11 sasa. Tarehe 2 Juni nilinunua dukani kwenu taa sita za kuchaji, shilingi 85,000 kila moja, jumla 510,000. Boksi limeandikwa kwamba taa hufukuza mbu wote umbali wa mita 5. Nilimuuliza muuzaji wenu mara mbili kama wageni bado watahitaji dawa ya kupaka. Akanijibu, "Mama, hii ukiwasha umemaliza."

Siku nne baadaye tulikuwa kambini Mto wa Mbu, na jina la mji ule linajieleza lenyewe. Masika yalikuwa yameisha karibuni, maji bado yametuama kwenye mifereji ya mpunga. Saa moja jioni niliziwasha zote: mbili mezani, nne milangoni mwa mahema. Ilipofika saa mbili wageni walikuwa wanajipiga vifundo vya miguu chini ya meza. Kijana wangu msaidizi alikuwa anaosha vyombo hatua mbili tu kutoka kwenye taa, mikono imejaa povu, anajikuna shingo kwa bega.

Asubuhi nilifungua vitrei vya taa zote, vile vinavyokusanya wadudu, nikamwaga yaliyomo kwenye sinia jeupe. Nondo tele, mbawakawa, vidudu vya kijani vya mpunga. Mbu niliwahesabu: watatu. Taa sita, usiku kucha, mbu watatu!

Mwanga wa buluu wa taa hizi unavuta wadudu wanaopenda mwanga. Mbu jike anayetafuta damu anafuata hewa ukaa tunayoitoa tukipumua, joto la mwili na harufu ya jasho. Hilo mlipaswa kulijua kabla ya kuchapa maneno kwenye boksi.

Linaloniuma zaidi ni hili. Kwa kuliamini boksi lenu, niliacha nyumbani dawa ya kupaka na ile ya kuchoma, vitu ambavyo havikosi kwenye mzigo wangu. Vyandarua tulikuwa navyo, lakini mbu wa malaria wanauma hata nje, watu wakiwa bado wanakula. Tarehe 19 kijana wangu alishikwa na homa na baridi, akapimwa, ikawa malaria. Amemaliza dawa mseto juzi, ila bado hawezi kubeba ndoo ya maji. Siwezi kuapa kwamba aliumwa usiku ule. Ninachojua ni kwamba usiku ule, akiwa nje ya chandarua, hakuwa na kinga nyingine zaidi ya taa yenu.

Kama taa, ni nzuri: chaji ilifika asubuhi. Mngeiuza kama taa tu, nisingeandika barua hii.

Naomba mnirudishie shilingi 510,000, na mfute maneno ya mbu kwenye maboksi yaliyobaki dukani kabla mwingine hajaacha dawa yake nyumbani. Wauzaji wenu nao waambiwe ukweli. Nisipojibiwa ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja. Risiti, boksi na picha za lile sinia ninazo.

Mteja wenu,
Mpishi wa safari, Sakina