Ukame usiwe sababu ya kufungua ngitili kabla ya wakati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wafugaji wenzangu wa Shinyanga na Simiyu, pamoja na viongozi wa vijiji vyetu, kuhusu uamuzi unaotuumiza kila mvua zinapokatika mapema, yaani kufungua ngitili mwezi Mei au Juni wakati kiangazi ndiyo kwanza kinaanza.

Kwa msomaji asiyetoka Usukumani, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mwanzo wa mvua, nyasi zikaachwa zikue na kukomaa, kisha likafunguliwa Julai au Agosti malisho mengine yanapokwisha. Ipo ya familia na ipo ya kijiji kizima.

Sisi tunajua gharama ya kuzipoteza. Enzi za ukoloni misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawaondoa watu kwenye maeneo waliyozoea kuyatunza. Mwalimu Nyerere alipotembelea Shinyanga mwaka 1984 aliifananisha na jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuiacha ardhi ipumzike, chini ya maamuzi ya dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na ulinzi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji. Ni mafanikio yetu wenyewe, nami huumia ninapoona yakiliwa kwa wiki chache za pupa.

Wanaotaka kufungua mapema husema kwamba ng'ombe wana njaa leo, na wanasema kweli. Lakini nyasi za kudumu huhifadhi akiba yao mizizini mwishoni mwa mvua, na wakati huohuo ndipo zinapokomaza mbegu. Zikiliwa zingali mbichi, msimu unaofuata huchipua kwa unyonge hata kama mvua itakuwa nzuri, ilhali zikiliwa baada ya kukauka na mbegu kupukutika, mmea haupati madhara makubwa. Kwa hiyo anayefungua ngitili mwezi Mei katika mwaka wa ukame hupoteza malisho ya Oktoba pamoja na sehemu ya malisho ya mwakani.

Kinachopaswa kubadilika mwaka wa ukame ni idadi ya ng'ombe. Ng'ombe wa kilo 250 huhitaji kilo sita hivi za majani makavu kwa siku, kwa hiyo kuanzia Agosti hadi mvua za Novemba atakula zaidi ya kilo 600. Tuseme hekta moja imetoa tani mbili za majani, na nusu yake inaachwa ili kulinda udongo na mizizi. Tani moja inayobaki haiwatoshi hata ng'ombe wawili. Hesabu hii mzee yeyote anaweza kuifanya mwezi Mei akiwa amesimama ndani ya ngitili yake, na hapo ndipo anapojua ni wangapi wa kupeleka mnadani wangali na nyama na bei. Anayesubiri Oktoba huwakuta wenzake wote mnadani, kila mmoja na ng'ombe waliokonda, naye mnunuzi ndiye anayepanga bei.

Najua kuuza kunauma, kwa sababu ng'ombe ni mahari, ni ada ya shule na ni heshima ya nyumba. Hata hivyo waanze kuondoka majike wakongwe na madume ya ziada. Wabaki mitamba, ng'ombe wenye ndama na maksai wa plau. Hao maksai mara nyingi tunawasahau, ingawa ndio watakaotakiwa kulima mvua ya kwanza ikinyesha, wakati ambapo wamedhoofika kuliko miezi yote. Wawekewe sehemu yao ya ngitili na iguswe mwisho. Majani yaliyokauka sana huwa na protini kidogo, na ikishuka chini ya asilimia saba hivi tumbo la ng'ombe hushindwa kuyasaga vizuri, kwa hiyo mwenye uwezo awaongezee mashudu ya pamba.

Kwa viongozi wa vijiji ombi langu ni moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi hiyo, na mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano wa kwanza baada ya mvua kukatika, ofisa mifugo na wazee wapite ngitili ya kijiji, waseme majani yaliyopo yanatosha ng'ombe wangapi, na mkutano uandike katika muhtasari tarehe ya kufungua, sehemu itakayoanza kuliwa na idadi ya ng'ombe wa kila kaya. Sheria ndogo itaje faini, na faini hiyo imhusu mwenye ng'ombe mia tano sawasawa na mwenye watano.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji, Kishapu, Shinyanga