Hio Fiat ya Buruburu si skrepa

Kwa Mhariri,

Wiki jana nimesoma barua ya ndugu mmoja hapa kwa ukurasa wako akilia ati kaunti ilete brekdauni, lile lori la kuvuta magari, ipite mitaa yote ya Eastlands iokote mikweche iuzwe kwa kilo, na katikati ya hio barua akataja "kile ki-Fiat cheupe kimewekwa juu ya mawe pale Buruburu". Sasa Mhariri niambie, Fiat nyeupe juu ya mawe Buruburu ziko ngapi? Ni yangu. Na hayo si mawe, ni vipande vya mti mgumu nilinunua Gikomba, kwa sababu mimi siingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata unilipe.

Huyu ndugu hajui anachokiangalia. Hio ni Fiat 124, ile ya milango minne. Waitaliano waliitoa 1966 na 1967 ikapewa taji la gari la mwaka Ulaya. Iko na diski breki magurudumu yote manne, tangu 1966, na hizi Probox zimejaa hapa mtaani mpaka leo nyuma ni dramu, breki za aina ya zamani. Sisemi Probox ni mbaya, jameni, Probox inabeba hata ng'ombe, nasema tu heshima iwepo.

Mimi ni fundi wa stima. Mwaka 2014 nilipiga waya nyumba ya mzee fulani South B, pesa ikakosekana, ikawa njoo kesho njoo keshokutwa, mwisho akanipeleka nyuma ya banda la kuku akafunua turubai akaniambia kijana chukua hii tumalizane. Bibi yangu hakuniongelesha siku mbili.

Kosa langu la kwanza ilikua kupeleka gereji, sitaitaja. Fundi kitu ya kwanza alifanya ni kutoa themostati akatupa kwa pipa, ati Kenya ni nchi ya joto haina kazi. Huyo naona hajawahi kuamkia Nairobi mwezi wa saba. Kazi ya themostati ni kuzuia maji yasiende kwa redieta mpaka injini ipate joto lake, sasa ukiitoa injini inatembea ikiwa baridi kila siku, chowki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, inavutwa muda mrefu, petroli inaosha oili kwa kuta za silinda na ringi za pistoni zinaisha na wewe unashangaa mbona gari linakula oili. Halafu akajaza redieta maji ya mfereji matupu. Hedi ya hio gari, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni aluminiamu na bloku ni chuma, na hivo vitu viwili vikikaa pamoja ndani ya maji bila kulanti, ile dawa ya redieta ya kuzuia kutu, aluminiamu ndio inaliwa. Nilipokuja kufungua hedi mwenyewe nilikuta njia za maji zimeliwa kama meno ya mtoto wa peremende. Nikaifunga kwa gunia nikaibeba kwa matatu hadi Kariobangi Light Industries, kuna kijana pale anachomelea aluminiamu na gesi ya agoni mpaka utadhani imetoka kiwandani, akajaza, ikaenda kwa mashine ikalainishwa, nikarudi nayo nyumbani. Kuanzia siku hio hakuna mtu mwingine amegusa ile injini. Boliti za hedi nilikaza na toki renchi ya kuazima, ile spana ya kupima nguvu, ukianzia katikati ukienda nje, kidogo kidogo kwa raundi, maana ukikaza moja mpaka mwisho ndio uende ingine hedi inapinda na umerudi mwanzo.

Kabureta ndio ilinifunza uvumilivu. Ni Weber, na Weber ikitoka Italia imepimiwa hewa ya huko chini, sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ya huku ni nyepesi, kwa hivo petroli inayoingia ni ile ile lakini hewa ni kidogo. Plagi zilikua zinatoka nyeusi kama sufuria ya githeri ya kuni. Kila fundi ananiambia ni ringi, ni valvu, nunua injini ya Nissan ufunge. Kumbe ni jeti tu, kile kidude chenye tundu la kupitisha petroli. Jeti ya Weber imeandikwa namba na hio namba ndio upana wa tundu, 125 ni milimita 1.25, nikashuka hatua moja nikaona tofauti, nikashuka ya pili na plagi zikaanza kutoka rangi ya chai ya maziwa vile inatakikana. Pointi za distributa, zile zinakata na kuunganisha stima ya plagi, naziwekea pengo la kidogo chini ya nusu milimita na fila geji, kile kibati cha kupima pengo, dakika kumi imeisha, hakuna kompyuta, hakuna mtu wa kukuambia leta elfu tatu ya kusoma makosa.

Na ndio, imewahi kuniaibisha. Tulikua tunarudi kutoka Naivasha mchana wa jua kali, tukipanda ule mlima wa Mai Mahiu injini ikazima karibu na lile kanisa dogo mateka Waitaliano walijenga 1942 wakati walikua wanachimba hio barabara. Petroli ilikua inachemka ndani ya paipu kabla ifike kwa kabureta. Tulimwagia pampu maji na kitambaa tukangoja, bibi yangu akasema labda gari limetaka kusalimia watu wa kwao. Baada ya robo saa likawaka.

Watu huniuliza spea natoa wapi. Wengi husema si ununue za Lada, Lada si ni 124? Ni kweli Warusi walinunua hio dizaini wakaanza kuitengeneza 1970, lakini usidanganyike, waliweka injini yao ingine yenye kamshafti, ile shafti ya kufungua valvu, juu kwa hedi na breki za nyuma wakaweka dramu, kwa hivo ukiagiza vitu vya injini au breki ya nyuma umetupa pesa. Ile ya kutafuta ni ya Uturuki. Waturuki nao waliitengeneza, wao wanaita Murat 124, na injini ni hii hii ya cc 1197 ya pushirodi, yaani kamshafti iko chini na inasukuma valvu kwa vijiti. Sasa mimi niko na jirani, mama wa duka la nguo Eastleigh, huenda Istanbul kuchukua mzigo, na katikati ya marinda na jaketi za watoto huniletea seti ya vipuri vidogo vya kabureta na mipira ya kuziba kalipa za breki. Ananiuliza tu kama hizo vitu zinanuka petroli. Nazifunga kwa nailoni tatu.

Pahali huyo ndugu ana haki ni oili. Kuna magari hapa mtaani yanamwaga oili kwa paking mpaka watoto wanateleza, na mvua ikinyesha yote inaenda kwa mtaro. Hio hata mimi inanikera. Mimi naweka sinia chini na maranda ya mbao, oili chafu naikusanya kwa mtungi nampelekea mtu wa mbao anapaka nguzo zisiliwe na mchwa. Mtu akishindwa kufanya hivo aitwe na wazee wa koti, yaani wa kile kikundi cha nyumba zake, aambiwe.

Lakini gari kuukuu si lazima liwe limetupwa. Kabla ya brekdauni kuja mtu aangalie: betri iko? Magurudumu yako na upepo? Bima iko? Ukiona bati limefunikwa na paka amezaa kwa siti ya nyuma, hilo beba. Ukiona gari liko juu ya mbao na sehemu ya breki imefungwa kwa karatasi safi ya nailoni, huyo mtu anangoja mipira kutoka Istanbul na ndege imechelewa.

Huyo ndugu aje Jumamosi saa nne ajionee, itakua imeshashuka chini na itatembea. Asiegeshe tu nyuma yangu, gia ya rivasi bado lazima niibembeleze.

Ni mimi,
Mwenye Fiat nyeupe,
Buruburu, Nairobi